Paa bila kuta: tuliyoyaona soko la Anderlecht, na hangari zetu za Tshopo



Tuanze na hasara. Mwaka jana, wakati wa mvua kubwa, koperative moja ya njia ya Opala ilileta magunia 34 ya mpunga hadi ukingo wa mto pale Lubunga, ili kesho yake yavushwe kuingia Makiso. Mtumbwi wa mota uliokuwa umeahidiwa haukuja jioni ile. Usiku mvua ikanyesha. Turubai lilikuwa moja tu, tena lenye matundu, na magunia yalikuwa yamelazwa chini juu ya udongo. Asubuhi mnunuzi akafika, akaingiza mkono ndani ya gunia la kwanza, akanusa, akataja nusu ya bei waliyokuwa wamepatana. Walikubali. Wangefanya nini? Mpunga uliolowa haungojei mtu.

Sisi wa jarida hili tulikuwa na magunia yale kichwani siku tulipoingia chini ya paa la soko la Anderlecht, mjini Bruxelles, Ubelgiji. Tulikuwa watu wanne: wawili wa ofisi yetu ya Makiso, papa mmoja anayekamua mafuta ya ngazi upande wa Yangambi, na mama mmoja mlimaji wa mpunga, memba wa koperative ile ile iliyopata hasara. Tulikuwa tumeitwa kwenye mkutano wa mambo ya chakula na kilimo, na Jumamosi hatukuwa na kazi. Wamemba wengine wametuuliza kama tulienda kutembeatembea tu. Tuseme ukweli: tulitembea pia, tukala viazi vya kukaanga kama kila mgeni. Lakini nusu ya siku tuliipitisha sokoni, na hayo njo tunayotaka kuwaeleza.

Soko la ng'ombe

Unashuka kwenye kituo cha Clemenceau, kwa gari la moshi linalopita chini ya ardhi, halafu unafuata wamama wenye vikapu vya magurudumu. Hakuna haja ya kuuliza njia. Mlangoni wamesimama fahali wawili wa shaba, wakubwa, kila mmoja juu ya nguzo yake. Ni sawa wawe pale, maana mahali hapo palifunguliwa mwaka 1890 kama machinjio na soko la ng'ombe, na mpaka leo watu wa mji wanapaita Abattoir, yaani machinjioni. Siku hizi soko linafunguliwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, toka asubuhi na mapema hadi saa nane mchana. Kabla dakika kumi hazijaisha tulikuwa tumesikia Lingala, na muda kidogo baadaye Kiswahili cha Bukavu, mama mmoja akibishana juu ya bei ya kichwa cha samaki. Papa wa mafuta akacheka, akasema tungebaki Makiso tu, sauti ni zile zile.

Paa lenyewe lilichorwa na Emile Tirou. Ni mraba, mita 100 kwa mita 100, limebebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Hesabu mwenyewe: mita za mraba 10,000, hekta nzima moja, chini ya paa moja. Tangu mwaka 1988 serikali ya huko inalilinda kama urithi, hakuna ruhusa ya kulibomoa.

Mama wa mpunga alisimama muda mrefu akitazama juu. Kiisha akatuuliza: kuta ziko wapi?

Hazipo. Hilo njo jambo ambalo sisi tusingeliona bila yeye. Tulikuwa tumezoea kufikiri kwamba soko la Ulaya ni nyumba, yenye kuta, milango na kufuli. Lakini hapo waliweka nguzo na paa tu, juu ya sababu moja rahisi: lilijengwa kwa ng'ombe. Ng'ombe mia kadhaa wakisimama pamoja wanatoa joto na mvuke, na ukiwafungia ndani ya kuta watachoka na kuugua. Kwa hiyo paa likapandishwa juu sana, na pande zikaachwa wazi ili upepo upite. Ng'ombe wakaondoka, nyanya na vitunguu vikaingia, na nyanya nazo zinapumua. Mama akasema hiyo ni payoti yetu ya kijijini, isipokuwa wao wameifanya ya chuma.

Alisema kweli, na tungependa mkutano mzima wa wataalamu ungemsikia.

Kwa nini walianza kujenga masoko kama haya? Karne ya 19 miji ya Ulaya ilikua upesi kuliko njia zake. Chakula kiliuzwa barabarani, kwenye matope, katikati ya farasi na maji machafu. Chuma kilikuwa kimeshuka bei na reli zilikuwa zimefika mjini, kwa hiyo viongozi wakaanza kuinua mapaa makubwa ya chuma na vioo. Paris ilijenga yake katika miaka ya 1850, kazi ya Victor Baltard. Budapest ilifungua soko lake kubwa mwaka 1897, na Barcelona ikaweka paa la chuma juu ya soko la Boqueria mwaka 1914. Huku kwetu Afrika, Zanzibar ilipata soko la Darajani mwaka 1904, na Dar es Salaam ikafungua jengo la Kariakoo mwaka 1975, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli, lenye paa kama miavuli mikubwa ya zege.

Si yote yalidumu. Soko lile la Paris lilihamishwa mwaka 1969 kwenda Rungis, nje ya mji, kwa kuwa malori hayakuweza tena kupenya. Mapaa ya Baltard yakabomolewa. Na moto ni adui mwingine: soko kuu la Bujumbura liliungua Januari 2013, Kariakoo ikaungua Julai 2021. Tunataja haya haraka, ila tafadhali mukumbuke neno moja mukijenga hangari: jiko la makala lisiingie mahali ambapo magunia yanalala. Mama wa chai apewe kibanda chake pembeni, kwa heshima, lakini pembeni.

Paa linafanya kazi gani hasa

Tuingie ndani ya jambo, maana hapa njo pesa yetu inapotelea.

Kisangani tunapata karibu milimita 1,700 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi ambao hauna mvua kabisa. Kwa hiyo mtu asituambie tuvune wakati wa ukavu. Mazao yetu yanatembea ndani ya mvua, yanalala ndani ya mvua. Mpunga ukiwekwa ukiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 14 unaanza kupata joto katikati ya gunia, halafu ukungu, halafu harufu ambayo mnunuzi anaijua hata akiwa amefunga macho. Karanga na mahindi yaliyolowa ni hatari zaidi, kwa kuwa ukungu wake unatoa sumu isiyoondoka ukipika. Usimpe mtu chakula hicho, wala mtoto, wala kuku.

Muhogo mbichi uko na shida nyingine. Ukishang'olewa, ndani ya siku mbili au tatu unaanza kugeuka rangi, mistari ya buluu na kahawia. Paa halizuii jambo hilo, linachelewesha kidogo tu kama muhogo umefichwa jua. Pondu inanyauka siku ile ile. Ukiiweka kivulini, imesimamishwa na si kulundikwa, inafika jioni ikiwa na uso. Ukiilundika juani saa tatu, utaiuza kama zawadi.

Jua, ndugu, linatula zaidi ya mvua, ila halipigi kelele. Mama anayeuza mboga nje ya paa anaanza asubuhi na bei moja na saa sita yuko na bei nyingine, na si kwa sababu wateja wamekuwa wabaya.

Kwa hiyo paa linafanya mambo manne: linazuia maji, linazuia jua, linaacha hewa ipite, na linampa muuzaji nguvu ya kungojea. Hilo la nne haliandikwi katika vitabu vya ujenzi, lakini njo lenye thamani kubwa. Wale wa magunia 34 hawakuuza nusu bei kwa ajili ya mvua peke yake. Waliuza juu ya hawakuwa na mahali pa kungojea siku mbili, kuanika tena, na kutafuta mnunuzi mwingine.

Kuna watu wanatuletea habari ya chungu ndani ya chungu, na mchanga wenye maji katikati, ili mboga zibaki na baridi. Mbinu hiyo ni nzuri kule Sahel, ambako hewa ni kavu na maji yanakauka upesi yakichukua joto. Hapa kwetu hewa yenyewe imejaa maji. Tulijaribu ofisini, nyanya zilioza kama kawaida, ila ndani ya chungu kizuri. Tusipoteze pesa huko.

Kinachofaa kwetu ni hangari iliyo wazi pembeni, yenye mambo yafuatayo. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, hata kwa udongo ulioshindiliwa vizuri na mawe pembezoni, na mfereji uzunguke pande zote. Paa lishuke nje ya nguzo karibu mita moja, kwa kuwa mvua yetu hailali wima, inakuja na upepo. Bati linapasha joto. Basi liinue, na acha nafasi wazi juu kabisa ili joto litoke. Nyasi au majani yana ubaridi zaidi lakini yanahitaji kubadilishwa na yanapenda moto. Magunia yasikae chini kamwe. Weka mbao au miti, sentimita 10 au 15 toka sakafuni, na usiyaegemeze kwenye chochote kinacholoana. Jambo hili la mbao halihitaji hata fundi. Kama magunia yale 34 yangekuwa juu ya miti, yale ya chini yasingenyonya maji ya udongo.

Halafu maji ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hangari ya mita 6 kwa 10 ina mita za mraba 60. Mvua moja ya milimita 30, ambayo kwetu si ajabu, inakuletea lita 1,800. Hizo ni bidoni 90 za lita 20, maji ya kuoshea mboga, mikono na meza, bila kutuma watoto mtoni. Weka mfereji wa bati na pipa. Sehemu ya kwanza ya mvua iache ipite, maana inaosha kinyesi cha ndege.

Mizani, au namna tunavyotoa gunia la sita bule

Tulifika meza ya vitunguu. Papa wa mafuta hakuangalia vitunguu, aliangalia kibao kidogo juu yake. Palikuwa na bei ya kilo moja na jina la nchi vilikotoka. Meza ya pili vile vile. Ya tatu vile vile. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni sheria: muuzaji aonyeshe bei kwa kilo, na kwa matunda na mboga aonyeshe nchi ya asili. Na tangu Januari 2005 kila mfanyabiashara wa chakula lazima aweze kusema amenunua kwa nani na, akiuzia mfanyabiashara mwingine, amemuuzia nani. Mizani nazo zinakaguliwa.

Musifikiri watu wa pale ni malaika. Tuliona tufaha nzuri zimepangwa mbele na zile zenye madoa zikitoka nyuma kuingia mfukoni, kama sokoni popote duniani. Lakini kilo ni kilo. Wanabishana juu ya bei; juu ya kipimo hawabishani.

Kwetu ni kinyume. Bei inatajwa vizuri, kipimo njo kinacheza. Kopo linagongwa chini likapata tumbo. Bidoni inavimbishwa kwa maji ya moto. Gunia linashonewa kofia ya majani juu ili lipokee zaidi, na bado linaitwa gunia moja. Tufanye hesabu pamoja. Tuseme mumepatana gunia la kilo 100, na mnunuzi analijaza hadi kilo 120. Magunia matano ya namna hiyo yana kilo 600. Wewe umelipwa magunia matano, lakini umetoa sita. Gunia la sita limekwenda bule, na hakuna mtu aliyekuibia usiku; ulikuwepo, ulishika mdomo wa gunia ukisaidia kujaza.

Mama wa mpunga aliposikia hesabu hiyo, pale pale kati ya vitunguu, alinyamaza. Baadaye alituambia alikuwa anahesabu miaka.

Koperative inaweza kununua mizani moja ya kuning'iniza. Na kama hamuamini mizani, iwe yenu au ya mnunuzi, kuna njia isiyodanganya. Lita moja ya maji safi ni kilo moja. Pima kwanza kitu cha lita kinachojulikana, kwa mfano chupa za maji za lita moja na nusu ambazo kipimo kimeandikwa. Chupa kumi na mbili zinatoa lita 18, yaani kilo 18. Mimina maji hayo ndani ya bidoni ambayo ulishaipima ikiwa tupu, uitundike. Mizani ikionyesha kilo 18 juu ya uzito wa bidoni, ni salama. Ikionyesha 15, mnunuzi anakula kilo tatu kwa kila 18.

Kwa watu wa mafuta ya ngazi kuna mtego wao. Mafuta ni mepesi kuliko maji: lita 20 zina uzito wa karibu kilo 18. Mtu akikununulia kwa kilo na kuuza kwa lita, ujue anapata faida yake hapo hapo bila kutoka jasho. Si kosa, ila bei ya kilo lazima iwe juu kuliko bei ya lita. Na bidoni iliyoandikwa lita 20, ukiijaza hadi shingoni, inapita 20. Papa wetu alijua hiyo ya pili. Hiyo ya kwanza alikuwa ameishi nayo miaka mingi akiona kitu fulani hakiendi sawa, bila kujua jina lake.

Soko ni la nani?

Soko la Anderlecht lilijengwa na kampuni ya watu binafsi, baadaye likashikwa na komine. Lakini miaka ilivyokwenda, machinjio ya zamani yalihitaji matengenezo makubwa ili yafuate sheria mpya za usafi, na pesa ya komine haikutosha. Lingeweza kufungwa. Mwaka 1983 wafanyabiashara waliokuwa wanalitumia, watu wa nyama na wa soko wenyewe, wakaunda kampuni wakachukua uendeshaji. Hawakungojea mfadhili. Mwaka 2015 kampuni hiyo ikafungua jengo jipya la kuuzia nyama, pembeni ya paa la zamani, na kuanzia 2018 juu ya jengo hilo pakaanzishwa shamba: vioo vya kulimia nyanya, na mabwawa ya samaki ambao maji yao yenye mbolea yalipewa mimea. Jumla mita za mraba 4,000, juu ya paa! Papa alitaka kujua samaki wanapandishwaje. Hatukupata wa kutujibu. Hata chini ya ardhi, katika mapango ya matofali chini ya soko, watu waliwahi kulima uyoga kwa miaka mingi.

Yale ni kampuni, si koperative, na tofauti si ndogo. Katika kampuni, mwenye hisa nyingi ana sauti nyingi. Katika koperative, mtu mmoja sauti moja, awe analeta magunia matano au hamsini. Sheria inayotutawala ni ile ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inatuhusu tangu Kongo iingie OHADA mwezi wa Septemba 2012. Inakubali namna mbili: koperative ndogo, ambayo watu watano wanatosha kuianza, na koperative yenye baraza la utawala, ambayo inataka watu wasiopungua kumi na tano. Hangari, mizani, depo, vyote vinaweza kuandikwa kwa jina la koperative. Tunasisitiza: kwa jina la koperative, si la prezida, wala la mume wa mwekahazina. Tumeona hangari nzuri ikigeuka kuwa urithi wa familia siku mtu alipofariki, na wamemba wakabaki kusimama nje ya paa walilolijenga kwa mikono yao.

Makemba ya Colombia

Hapa tunaomba musikasirike. Kwenye meza moja ya Anderlecht tulikuta makemba. Mazuri, kijani, marefu. Kibao kilisema Colombia. Siku iliyofuata tulikwenda mtaa wa Matonge, upande wa Ixelles, ambao ulipewa jina la Matonge ya Kinshasa, na ndani ya ile nyumba ya maduka tukaona pondu iliyogandishwa kama jiwe, chikwangue, samaki wa moshi. Papa akapandwa na moto. Sisi wa Tshopo, ambao makemba yanatuozea njiani kwenye toleka, tunashindwaje kuleta hapa?

Tulizungumza juu ya hilo usiku mzima, na tulifikia mawazo tofauti. Papa bado anaamini iko njia. Sisi wa ofisi hatuamini, angalau kwa sasa. Makemba ya Colombia yanatoka shamba yakiingia katoni, lori la baridi, meli ya baridi, na bandari iko karibu. Ya kwetu yanaanza kwa baiskeli, kiisha mtumbwi, kiisha mto mzima hadi Kinshasa, kabla hata ya kuiona bahari. Mtu akija kijijini kwenu kusema ataziuza ndizi zenu Ulaya na anataka malipo ya kujiandikisha, mumupatie kiti, mumupatie maji, pesa mubaki nazo.

Mteja wetu yuko Mangobo, Kabondo, Tshopo, Makiso. Anakula lituma leo na kesho. Anataka makemba yasiyo na michubuko, pondu iliyofika asubuhi, mchele usio na mawe. Mama aliye na wateja kumi wa kudumu Mangobo anatushinda sisi tuliokwenda Bruxelles.

Makiso

Mji huu ni soko tangu zamani. Kabla ya kuitwa Stanleyville, na kabla ya kurudi kuitwa Kisangani mwaka 1966, watu walikutana hapa kwa sababu mto unakataa: maporomoko yanazuia mitumbwi, mizigo lazima ishuke. Hata mpunga tunaoulima ulifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya waungwana wa pwani, ile ile iliyoleta Kiswahili. Mahali ambapo mzigo lazima ushuke, njo mahali ambapo paa linahitajika. Basi swali letu haliko soko kubwa la Makiso peke yake. Kule ndani nafasi zimekwisha kupata wenyewe, kodi inalipwa, na mkulima anayekuja mara moja kwa wiki hatapata meza nzuri, tusidanganyane. Pengo kubwa liko kabla ya soko: kwenye ukingo wa Lubunga, kwenye vituo vya njia ya Buta na ya Ituri, pale ambapo mzigo unashushwa na kulala nje usiku mmoja au miwili.

Hangari ndogo tatu mahali pa kushukia zitawasaidia wakulima kuliko meza moja ya gharama katikati ya mji. Hiyo ni maoni yetu, na wenzetu wa koperative moja ya njia ya Ituri hawakubaliani. Wao wanasema mwenye meza Makiso njo anayejua bei ya leo. Wana haki pia. Pengine jibu ni hangari njiani, na memba mmoja wa zamu ambaye anashinda sokoni Makiso na kupiga simu saa mbili asubuhi kutaja bei, kwa kilo.

Tuliporudi, mama wa mpunga aliwaeleza wenzake kuhusu paa lisilo na kuta. Walimwuliza maswali mengi juu ya baridi na juu ya ndege, machache juu ya soko. Lakini juma lililofuata walikata nguzo kumi na mbili, wakazikausha, wakapata kibali cha mahali kando ya mto, kimeandikwa kwa jina la koperative. Bati bado. Mpunga wa msimu huu utavunwa kabla bati halijafika, kwa hiyo wamepatana kununua turubai la pili na kulaza magunia juu ya miti.

Mizani ya majaribio iko ofisini kwetu Makiso, pamoja na bidoni iliyopimwa. Leteni zenu Alhamisi asubuhi kabla soko halijajaa. Kuzipima hakulipwi.